Mutoto alishamaliza shimio (dawa ya kansa), sasa munarudi nyumbani: fanya hivi, hatua kwa hatua

Kila wakati kuko mama ao papa ananiandikia, na maulizo ni ileile: "Tulishatoka hopitali, banganga banasema mutoto amepona, sasa tufanye nini?" Anaweza kula nini, anarudi ku masomo lini, akipata homa nikimbie ao ningoje, ile miguu yake inalegea itakuwa muzuri, siku moja ataweza kuzaa? Nimeona afazali niandike yote fasi moja, mutu akiuliza nimutumie hii. Naandika nikiwaza bazazi ya Bukavu, juu njo fasi tunaishi na kijana wetu alitunzwa Burkitt, kansa moja ya batoto inayokomaa mbio, akiwa mudogo, lakini mutu ya Goma ao Lubumbashi atapata yake mule ndani pia.

Kwanza ujue hivi: kansa ya batoto inapona. Ku inchi za franga mingi, zaidi ya batoto 80 kwa 100 banapona. Ku inchi nyingi kama yetu OMS (shirika ya afya ya dunia) inasema ni chini ya 30 kwa 100, na tangu 2018 iko na mupango ya kufikisha dunia yote angalau 60 kwa 100 mwaka 2030 ikifika. Ile pengo haitoke ku damu yetu wala ku laana. Inatoka ku kuchelewa kufika hopitali, dawa kukosekana, na familia kuacha matibabu katikati juu franga imekwisha. Basi kama mutoto yako amefika mwisho ya protokole yake, ile mupango ya matibabu, mumevuka fasi ngumu sana. Ila ku hopitali mulikuwa na mutu ya kuuliza kila asubui, na nyumbani uko paka na majirani, na majirani kila mutu iko na yake ya kusema.

Kama munganga yako amekuambia kitu tofauti na hii, fuata munganga. Yeye njo anajua dosie ya mutoto.

BITU YA KUWA NAYO MBELE YA KUANZA

- Rezime ya matibabu, ile karatasi ya muhtasari. Nitaieleza ku hatua ya 1.
- Kaye moja nene, na farde ya plastiki ya kufunga. Usitegemee sashe, juu kama munapita Ruzizi kuingia Rwanda, sashe za plastiki zilikatazwa kule tangu 2008, bataitosha ku mupaka na karatasi zako zitabaki mu mikono na mvua.
- Termometre. Ya kidijitali ni beya ndogo ku farmasi. Mukono juu ya paji la uso haitoshi.
- Numero ya simu ya infirmie ya servisi, si ya profeseri peke yake. Infirmie njo anapokea.
- Karatasi ya chanjo ya zamani, hata kama imechanika.
- Chandarua yenye haina tundu.
- Franga ya transporti ya randevu inayofuata, imewekwa pembeni mbele ya kulipa kitu ingine yoyote.
- Mutu moja zaidi mu familia anayejua yote: dawa gani, hopitali gani, farde iko wapi. Shangazi, kaka mukubwa, yeyote. Siku mama anaanguka mugonjwa, mutoto asikose mutu.

HATUA YA 1: Usitoke hopitali bila rezime

Hii njo hatua ya kuwekea nguvu kuliko zote, njo maana nimeiweka ya kwanza na nitaisemea sana.

Bileti ya kutoka haitoshi. Ile inaandikwa tu tarehe na neno moja ao mbili, "amepona", "aendelee na kontrole". Wewe unalomba karatasi yenye iko na hivi: jina kamili ya kansa na stade yake (ilikuwa imeenea mpaka wapi), siku matibabu ilianza na siku iliisha, jina ya kila dawa na doze ya jumla mutoto alipata tangu mwanzo mpaka mwisho, oparesheni gani ilifanywa na nini ilitoshwa, kama alichomwa miale (radioterapi) basi fasi gani ya mwili na kiasi gani, kama aliongezewa damu, na shida kubwa zilizotokea katikati. Sinyatire ya munganga na kashe.

Doze ya jumla ni ya nini? Chukua ile dawa nyekundu, doxorubicine, ile inafanya mutoto akojoe rangi nyekundu na bazazi bote banaikumbuka. Inaua kansa, lakini ikizidi kiasi inaweza kuchokesha moyo, na ile kuchoka inaweza kuonekana miaka 10 ao 20 kisha, mutu akiwa mukubwa. Banganga banahesabu kwa miligramu ku kila metre kare ya mwili, na kuanzia 250 hivi banamuhesabu mutu ndani ya wale ba kufuatwa moyo kwa karibu zaidi. Sasa mutoto yako akifika miaka 25, munganga mwengine kabisa, muji mwengine, atajua namna gani alipata 100 ao 300? Wewe hautakumbuka. Hopitali inaweza kuwa ilishatupa dosie. Paka karatasi njo itasema.

Kuilomba si kusumbua mutu. Sema hivi: "Munganga, nalomba rezime ya matibabu ya mutoto, pamoja na doze ya jumla ya kila dawa." Wakikuambia rudi kesho, rudi kesho. Wakisema ni ya wiki ijayo, andika siku ku kaye mbele yao ili waone uko serieux, na uache numero yako.

Ukishaipata, piga fotokopi. Moja inakaa mu farde, moja inaenda kwa ndugu anayeishi komine ingine, na kama uko Kadutu ile ya ndugu ikae Ibanda ao Bagira. Nyumba zetu za mbao zinashikana, moto ikiingia avenyu moja saa sita ya usiku hakuna anayetafuta karatasi. Kisha piga foto, kila ukurasa peke yake, mu mwangaza ya muchana, angalia kama herufi zinasomeka, tuma ku WhatsApp ya batu wawili unaoaminia na ku imeli yako kama unayo. Sisi huku tunajua kukimbia ni nini, watu wanabeba mutoto na simu.

HATUA YA 2: Miezi sita ya kwanza, linda mwili

Shimio ikiisha, askari ya mwili, zile zinapigana na mikrobe, hawarudi siku ileile. Kwa batoto bengi inachukua miezi, banganga banahesabu kama mitatu mpaka sita. Nywele inarudi mbele, na watu wakiona nywele banawaza kila kitu imerudi. Hapana.

Homa. Termometre ikionyesha 38 ao zaidi, unaenda hopitali ileile siku, usiku ao muchana. Usimupe parasetamole kwanza "tuone kama itashuka", juu itashuka ku termometre na mikrobe itaendelea kufanya kazi mu damu. Huku kwetu kila homa tunaita malaria, na kweli inaweza kuwa malaria, wapime. Lakini sema mara ya kwanza unafika ku mulango: "Huyu mutoto alimaliza matibabu ya kansa tarehe fulani, nalomba mumupime pia NFS", ile mapimo ya kuhesabu damu. Kama bado iko na katetere (ile tiyo ya kupitishia dawa) mu kifua, hapo ni haraka zaidi.

Chakula. Hakuna rejime ya pekee. Chakula ya moto, iliyoiva, maji iliyochemshwa ao yenye dawa. Sambaza, maharagi, mayai iliyoiva vizuri, sombe, lengalenga, ndizi, avoka, bugari. Batu banasema sukari inalisha kansa, kisha unaona mutoto amebaki mifupa anakatazwa hata uji yenye sukari. Hiyo inaniuma sana. Mutoto aliyekonda anahitaji nguvu, umupe uji yake. Nyama na samaki pia anakula.

Surua na varisele (tetekuwanga). Kama kuko mutoto mugonjwa mu nyumba ya jirani ao mu darasa, weka yako mbali. Na kama walishacheza pamoja, usingoje vipele vitoke, piga simu hopitali siku ileile ao kesho yake, juu kinga wanaweza kutoa iko na siku chache tu za kufanya kazi.

Chanjo. Hapa batu bengi banakosea bila kujua. Wale bachanjaji wa kampanye wanapita nyumba kwa nyumba, matone ya polio, sindano ya surua, na mama anatoa batoto bote ku mulango kama kawaida. Chanjo ya surua, ya homa ya manjano na matone ya polio zina mikrobe hai iliyopunguzwa nguvu. Mutoto aliyetoka tu shimio asipate mbele munganga yake aruhusu, na mara nyingi ruhusa inakuja karibu miezi sita kisha dawa ya mwisho. Eleza muchanjaji kwa upole, onyesha karatasi. Bandugu zake wachanjwe surua, ile inamukinga yeye, ila kwa matone ya polio ya wale bandugu uliza munganga kwanza. Na ile miezi ikipita usisahau kurudi: shimio inaweza kufuta kinga ya chanjo za zamani, kwa hiyo zingine zinarudiliwa. Njo maana nilisema uchunge ile karatasi iliyochanika.

Dawa ya kienyeji. Mutakaporudi, bibi ataleta mizizi, mutu wa kanisa ataleta artemisia, mwengine poda ya chupa "ya kusafisha shimio mu damu". Wanaleta juu banapenda mutoto, basi pokea kwa heshima, sema asante, na usimupe. Ini yake imetoka kufanya kazi ya miezi mingi, na hakuna anayejua ndani ya ile chupa kuko nini.

HATUA YA 3: Randevu haziishe

"Mutoto anacheza mupira, anakula, juu ya nini nitumie dola za transporti?" Nasikia hii kila mara. Jibu ni kwamba kansa ikirudi, inarudi mara mingi wakati mutoto anaonekana muzima, na kila aina iko na saa yake. Burkitt ikirudi ni zaidi mu mwaka ya kwanza. Wilms, ile ya figo, zaidi mu miaka mbili ya kwanza. Lesemi, ile kansa ya damu, inafuatwa kwa karibu miaka mitatu ya kwanza kisha kuacha dawa. Ikifika miaka 5 bila kurudi banganga banaanza kusema neno kupona kwa sauti kubwa. Basi mwanzoni randevu zinakaribiana, kisha zinaachana pole pole, na lengo inabadilika: mwanzo ni kutafuta kama imerudi, kisha ni kuangalia moyo, figo, kukomaa.

Kwa transporti, bazazi wengine wameingia likelemba ya kazi moja tu, yao inaanguka mwezi ya randevu. Ni mupango muzuri. Kama hopitali iko ngambo ya Ruzizi, angalia karatasi ya kusafiri ya mutoto na yako wiki moja mbele, usigundue ku mupaka kwamba imeisha. Na uliza kama mapimo ingine inaweza kufanyika Bukavu, NFS na ekografi, kisha unatuma foto ya matokeo, unaenda tu kama kuko sababu.

Kati ya randevu, rudi bila kungoja siku ukiona: uvimbe fasi yoyote, ku taya, shingo, tumbo, meno yanayolegea bila sababu, kichwa inauma asubui pamoja na kutapika, mutoto anapauka, anatoka damu ku ufizi ao alama za buluu zinajitokea, mifupa inauma usiku mpaka inamuamsha, weupe mu jicho, hata ukiiona tu ku foto ya flashi, kilo zinaanguka. Kwa wale wa Burkitt, uvimbe usiulale nao. Ile kansa inaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili tu.

HATUA YA 4: Soma rezime, ujue cha kuangalia

Kila dawa iko na fasi inaacha alama. Si kila mutoto anapata hizi shida, bengi hawapati, lakini unayeangalia anaona mapema.

Doxorubicine ao daunorubicine: ekografi ya moyo, mara ngapi munganga ataamua kwa doze. Mutoto akikata pumzi ku ngazi kuliko wenzake, ao miguu inavimba, sema. Bukavu ni milima, utaona haraka kama kupanda kumekuwa shida.

Vincristine: hii inagusa mishipa ya miguu na mikono. Angalia akitembea. Kama kandambili inamutoka kila saa, kama anainua goti sana ili vidole visiburute, kama anashindwa kufunga kifungo ya shati, ni ile. Kwa wengi inarejea yenyewe kwa miezi. Musaidie: viatu vya kufunga na kamba, si kandambili, zaidi ya yote ku ile miteremko ya Kadutu wakati ya mvua. Asubui na magaribi akae chini miguu mbele, upitishe kitenge chini ya nyayo, avute pole pole kuja kwake, ahesabu mpaka 20, mara kumi kila muguu. Kisha atembee ku visigino peke yake mu nyumba, afanye mashindano na bandugu zake. Batoto banapenda.

Cisplatine: masikio na figo. Sauti nyembamba njo zinapotea kwanza, kwa hiyo mutoto anasikia ukimwita lakini anachanganya maneno, na mwalimu anasema "haangalie". Mupime masikio mbele ya kumupigia.

Cyclophosphamide na ifosfamide: uzazi, kufuatana na doze. Bengi waliopona kansa ya utoto wamezaa batoto wazima. Kwako ni kuangalia kukomaa: kijana-muke akifika miaka 13 bila alama yoyote ya kukomaa, ao kijana-mume 14, mupeleke, kuko matibabu.

Dawa za sindano mu mugongo, ao miale ku kichwa: kukumbuka, kuangalia kwa muda murefu, kufanya hesabu kwa haraka. Si uvivu.

Figo moja ilitoshwa: mutu anaishi vizuri na figo moja. Ila usimununulie ibuprofene wala diklofenaki ku farmasi ya kona, maumivu ni parasetamole. Anywe maji. Kila mwaka apimwe tansio na mukojo.

Jicho ilitoshwa: jicho ya bandia inabadilishwa mutoto akikomaa, juu uso inakomaa. Miwani ya kukinga ile imebaki, hata kama inaona vizuri. Na retinoblastoma (ile kansa ya jicho) ingine inatembea mu familia, kwa hiyo bandugu zake wadogo wapimwe macho, na yeye siku akizaa apeleke mutoto yake mapema sana.

HATUA YA 5: Masomo

Usimutume tu jumatatu asubui na kartable. Wiki mbili mbele, wewe mwenyewe ona direktere na mwalimu titulere. Sema kwa ufupi: alikuwa na kansa, matibabu imeisha, haiambukizi, atakosa siku za randevu, na akipata homa munipigie saa ileile. Acha kopi ya karatasi ya munganga inayosema haiambukizi. Ku primere ya serikali masomo ni ya bure tangu 2019, basi mutu asikutishe na minervale ya miaka mutoto hakuwepo. Ku sekondari, ongea na prefe juu ya malipo mbele, usingoje bamufukuze.

Darasa gani? Wengi wanamurudisha chini bila kumupima, na mutoto wa miaka 11 anakaa na ba miaka 8, anasikia haya, anaacha. Lomba wamupe tesiti kwanza. Wengine walikuwa wanasoma kidogo ku kitanda ya hopitali na wanaweza kuendelea. Kama kweli kurudilia darasa ni lazima, mueleze ni juu ya miezi iliyopotea, hakuna aliyesema yeye ni mujinga.

Aanze na nusu siku kwa wiki moja ao mbili. Akae mbele. Kofia aruhusiwe kama nywele bado. Na fanya naye mazoezi nyumbani ya kujibu, juu watamuuliza: "Nilikuwa na kansa, nilitunzwa, nimepona, hauwezi kuipata kwangu." Aiseme mpaka aiseme bila kuangalia chini. Mupira anacheza, mwenye figo moja ao jicho moja uliza munganga michezo gani ya kugongana aache.

HATUA YA 6: Avenyu, kanisa na bandugu

Tumbo ikivimba huku, neno la kwanza watu wanasema ni karuho, kwamba walimulisha sumu, kisha wanaanza kutafuta nani. Familia zingine zimevunjika hapo, shemeji hasemi na shemeji mpaka leo. Kama bado ile maneno iko mu familia yenu, mwite munganga ao infirmie ku simu mbele ya bakubwa, aeleze ni ugonjwa gani. Sauti ya munganga ku spika inamaliza mengi.

Ku kanisa watalomba mutoto atoe ushuhuda. Muulize yeye kwanza, peke yenu wawili. Akikataa, wewe njo utoe ushuhuda. Na mutu akimuambia mutoto "Yesu amekuponya, kurudi kwa munganga ni kukosa imani", hapo usinyamaze. Sisi tunamushukuru Mungu na randevu tunaenda, yote mbili.

Bandugu zake walibaki kwa bibi miezi mingi, waliona mama anaenda na mumoja tu. Wanaweza kuwa na hasira, kukojoa kitandani, kuanguka ku masomo. Wapatie siku yao. Na huyu aliyepona arudishwe mu kazi za nyumba kidogo kidogo, kufagia, kuosha sahani, na akikosea akaripiwe kama wengine. Mutoto ambaye kila kitu anaruhusiwa anaanza kuwaza bado anakufa na munamuficha.

HATUA YA 7: Pole pole mupatie hadisi yake

Kuanzia kama miaka 12 fungueni farde pamoja, asome jina ya kansa yake, ajue dawa. Akifika 18 farde ni yake. Ajue kwamba sigara na kanyanga kwake ni hatari zaidi ya kwa mwengine. Kijana-muke aliyepata ile dawa nyekundu, siku akibeba mimba aseme kwa muzalishaji tangu kontrole ya kwanza, moyo uangaliwe mbele ya kuzaa.

KAMA KITU INAKWAMA

Dosie imepotea ku hopitali. Kusanya bipande: fakture za farmasi, resi za labo, foto za simu, na kama protokole ilikuwa ileile, kaye ya mama mulilala naye chumba moja, ile itamusaidia munganga kukumbuka. Mupelekee munganga yeyote wa batoto aandike rezime kwa kile kinajulikana, na aandike wazi ni nini haijulikani.

Barabara ao mupaka imefungwa, randevu inafika. Piga simu, usipotee. Uliza nini inaweza kupimwa fasi uko. Kama mumekimbia, ku posti ya kwanza ya afya munayofika onyesha rezime ata kama mutoto hana kitu, wakuandikishe.

Direktere anakataa mutoto. Karatasi ya munganga kwanza. Akiendelea, nenda ku sudivizio ya masomo na kopi yake, enda na mutu mukubwa wa avenyu ao wa kanisa.

Mutoto hataki kutoka nje, anaota vibaya, analia akiona bluzi nyeupe. Ni kawaida kwa aliyepitia ile. Usimudanganye kamwe kwamba hakuna sindano wakati iko. Muambie ukweli asubui ileile, mushike mukono. Ikipita mwezi bila kupunguka, ao hakuli chakula, ao anasema afazali ningekufa, uliza munganga akutume kwa saikolojisti, zile hopitali kubwa za hapa ziko nabo.

Anachoka haraka. Pima damu kwanza. Kama damu iko sawa, kutembea kidogo kila siku kunasaidia kuliko kumulaza.

Kijana wa miaka 16 anasema hataenda tena kontrole. Usipige kelele. Muache aingie kwa munganga peke yake, wewe ukae nje. Mara nyingi alikuwa na ulizo ya uzazi ao ya mapenzi ambayo hawezi kuuliza mbele ya mama.

Mama ao papa anaanguka. Miezi mingi ulikuwa umesimama, sasa umerudi nyumbani na usingizi haiji, unalia bila sababu, unamugusa mutoto shingo usiku mara kumi kutafuta uvimbe. Inapata bengi. Sema na mutu, na wewe pia uende hopitali kwa ajili yako.

Madeni. Andika yote ku kurasa ya mwisho ya kaye, nani, kiasi gani. Pita kwa kila mumoja kabla akufuate, mupatane kidogo kidogo kila mwezi. Usikope tena kwa ajili ya karamu ya kutoka hopitali.

Kansa imerudi. Usibaki nyumbani kuwaza kwamba imekwisha. Rudi wiki ileile na farde, juu kuna zile zinatunzwa mara ya pili na kupona, na ile doze ya jumla iliyoandikwa mule ndani njo munganga ataangalia kwanza kujua dawa gani bado inaweza kutumika.